Je, wajua kwa nini unasoma mada mara tano na bado inakukimbia kwenye chumba cha mtihani?

Mwanafunzi wa kidato cha nne amepiga msuli wiki nzima. Daftari la Baiolojia amelipitia mara tano, mistari muhimu ameipaka rangi ya njano, na kila akifungua ukurasa wa moyo na mzunguko wa damu anajiambia, hii naijua. Siku ya pepa linakuja swali hilo hilo: eleza safari ya damu kutoka mwilini hadi mapafuni na kurudi. Ukurasa anauona kichwani, hata mchoro anakumbuka ulikuwa upande wa kushoto. Maneno hayaji.

Nyumbani ataambiwa hakusoma, na maneno hayo huniuma kila ninapoyasikia, kwa sababu si kweli. Amesoma sana. Ila kusoma tena na tena kumemfundisha kulitambua jambo akiliona, na mtihani unamtaka alitoe kichwani pasipo kuliona. Hizo ni kazi mbili.

Wimbo ukipigwa kwenye daladala unaufuatisha neno kwa neno mpaka mwisho. Redio ikizimwa, ukaambiwa uimbe ubeti wa pili peke yako, unakwama mstari wa kwanza. Daftari lililo wazi mbele yako ni ile redio. Macho yanapita kwenye maneno, maneno yanateleza vizuri, na ule wepesi unauchukua kuwa ndiyo kujua.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko St. Louis. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo, kwa wastani wa mara 14. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu vilivyobaki wakawa wanaandika kwenye karatasi tupu kila walichokikumbuka, bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40, walioandika kwa kukumbuka wakawa na 61. Kinachonigusa zaidi ni kwamba walipoulizwa mapema, waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka.

Kila unapolitafuta jambo kichwani ukalipata, njia ya kulifikia inazidi kukanyagika, kama njia ya mguu katikati ya shamba. Walimu wa madrasa huku pwani wanaifanya kazi hii siku zote. Mtoto anayehifadhi haachwi atazame msahafu tu. Anaufunga, anasoma mbele ya mwalimu, na akikwama anatajiwa neno moja kisha anaachiwa aendelee mwenyewe.

Mimi niliifahamu njia hii nikiwa kidato cha tano. Nilichukua karatasi tupu, nikaandika juu yake neno moja, "Moyo", nikafunga daftari. Vyumba vinne nilivichora upesi. Damu kutoka mwilini nikaiingiza chumba cha juu cha kulia, nikaishusha cha chini, nikaipeleka mapafuni. Hapo nikasimama: mshipa unaoipeleka ni ateri au vena? Nikaandika vena, maana kichwani mwangu ateri ilikuwa ni ya damu yenye oksijeni. Nilipofungua daftari kujisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikakuta ni ateri ya mapafu. Ateri huitwa hivyo kwa sababu inatoa damu kwenye moyo, iwe ina oksijeni au haina. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kujua kwamba sijaelewa. Karatasi ilinionyesha kwa dakika kumi.

Zoezi hili linachosha, na mara ya kwanza utatoa mistari mitatu tu. Usikate tamaa ukarudi kwenye kupaka rangi. Lakini sahihisha kila mara, usije ukakariri kosa. Halina gharama pia: hata pale wanafunzi wanapogombania kitabu kimoja, karatasi na kalamu vinatosha, na maswali ya Necta, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ya miaka ya nyuma yanafanya kazi hiyo hiyo, mradi ujibu kwanza ndipo utazame majibu.

Kwa sisi wa Tanzania kuna jambo moja zaidi. Sekondari tunasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo ni rahisi kukariri sentensi nzima bila kujua inasema nini. Mweleze mwenzako mada kwa Kiswahili, kwa maneno yako, mpaka aelewe. Kisha ukae uiandike kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho utakachojibia. Ukiruka hatua ya kwanza unabeba maneno matupu. Ukiruka ya pili utajua jibu na kushindwa kuliandika.

Halafu kuna muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na akaona kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea ndani ya saa za mwanzo. Mada yenye maana haipotei haraka kiasi hicho, ila nayo hupotea. Kwa hiyo saa tatu za mada moja zigawe: karatasi tupu Jumatatu, nyingine Alhamisi, nyingine wiki ijayo, nyingine mwezi ujao. Utakuta umesahau kidogo kila mara, na kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakoijenga kumbukumbu. Kwenye Hisabati changanya maswali ya mada tofauti, maana kwenye pepa hakuna anayekutajia kanuni ya kutumia.

Na usiku wa kuamkia pepa, lala. Ubongo huyaimarisha uliyojifunza ukiwa usingizini, na anayekesha mpaka saa kumi alfajiri anajinyima hilo. Pitia zile alama nyekundu tu, weka kalamu mbili na namba yako ya mtihani mahali utakapoviona asubuhi, uzime taa.