Kadi ya picha ya kuunganishia TV: ukilinganisha, anza na tundu na kodeki kabla ya GB

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kuulizia kadi ya picha ya kuunganisha kompyuta na TV, mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye GB, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi. Hii ni ya GB 2, ile ya GB 4, ongeza kidogo uchukue ya 4. Mnunuzi anaondoka na ile yenye namba kubwa, anaichomeka kwenye TV ya 4K, halafu mshale wa mausi unaburuzika na video za YouTube zinakwamakwama. Kadi si mbovu. Imechaguliwa kwa kipimo kisichohusiana na kazi iliyonunuliwa kufanya.

Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha unayoiona kwenye skrini. Katika kompyuta nyingi imo ndani ya prosesa yenyewe, ile chipu kuu ya kompyuta, na waya wa skrini unachomekwa kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa unaoshika vipande vyote. Katika nyingine ni kadi ya pekee yenye feni yake na matundu yake kwa nyuma. Kwa vyovyote vile ina kazi tatu. Kwanza inachora: madirisha, maandishi, michezo ya 3D. Pili inafungua video, kwa sababu filamu au mechi inakufikia ikiwa imebanwa, na lazima mtu aifumue kila sekunde. Tatu inaisafirisha picha kupitia tundu na waya hadi kwenye TV.

GB za kumbukumbu zinahusu zaidi ile kazi ya kwanza. Mchezo mkubwa wa kompyuta hujaza kumbukumbu ya kadi kwa majengo, nyasi na sura za wachezaji. Lakini picha moja kamili ya 4K ina pikseli (nukta ndogo za rangi) 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, na kila pikseli ikichukua baiti 4 picha hiyo inakula takriban MB 33 tu. Kadi ya GB 2 ina nafasi ya kutosha kabisa kwa mtu anayetaka kutazama filamu, mpira au kuonyesha slaidi ukumbini. Kama huchezi michezo, usilipie GB za ziada. Pesa hiyo ipeleke kwenye tundu na kodeki, yaani mitindo ya kubana na kufumua video.

Tuanze na tundu. VGA, lile la bluu lenye pini 15, lilianzishwa na IBM mwaka 1987. Linapitisha picha kwa mfumo wa analojia na halipitishi sauti kabisa. DVI ilikuja 1999, ya kidijitali, lakini nayo ilibuniwa kwa ajili ya picha tu. HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002, na ndiyo iliyoleta picha na sauti kwenye waya mmoja. TV zote za kisasa zinayo. DisplayPort, ya mwaka 2006, utaikuta kwenye kompyuta za ofisini lakini ni nadra sana kuiona nyuma ya TV.

Hapo ndipo wengi wanaishia: kadi ina HDMI, TV ina HDMI, basi kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba matundu ya HDMI yanafanana kwa sura huku uwezo wao ukitofautiana sana, na umbo la tundu halikuambii lolote. Piga hesabu uone. Picha ya 4K ina pikseli zile 8,294,400. TV inataka picha 60 kila sekunde. Kila pikseli ina biti 24 za rangi. Zidisha: karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Ongeza nafasi tupu zinazoachwa kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha, ongeza pia biti za ziada za kulinda data isiharibike njiani, unafika takriban gigabiti 17.8. Sasa tazama matoleo. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba gigabiti 10.2. HDMI 2.0 ya 2013 inabeba 18. HDMI 2.1 ya 2017 inabeba 48. Kwa hiyo 4K ya picha 60 inapenya kwenye 2.0 ikiwa imebakiza nafasi ndogo mno, na kwenye 1.4 haipiti. Kadi yenye 1.4 itakupa 4K, ndiyo, lakini kwa picha 30 kwa sekunde.

Picha 30 si kitu kibaya kwa filamu, maana filamu nyingi hupigwa kwa picha 24. Ubaya unauona ukishika mausi. Mshale unaruka badala ya kuteleza, kurasa zinasogea kwa mishtuko, na mpira ukipigwa kutoka winga moja hadi nyingine jicho linaukosa katikati. Maandishi ya "4K" kwenye boksi ni ya kweli, ila yamekunyamazia namba ya pili, ile ya picha kwa sekunde. Baadhi ya kadi za zamani hukwepa kikwazo hiki kwa kupunguza rangi: zinatuma mwanga wa kila pikseli, lakini rangi moja inagawanywa kwa pikseli nne. Kwenye filamu hutaona tofauti. Kwenye maandishi mekundu juu ya weusi utaiona mara moja, herufi zinakuwa na kingo zilizochafuka.

Chukua kadi mbili zinazopatikana sana kwa bei ya chini, GT 710 na GT 1030 za NVIDIA. Zote ni ndogo, zote unaweza kuzipata za GB 2, na muuzaji anaweza kuziweka kwenye rafu moja. GT 710 ina HDMI 1.4. GT 1030, iliyotoka 2017, ina HDMI 2.0b. Kwa TV ya 1080p, yaani Full HD, tofauti hiyo haikusumbui. Kwa TV ya 4K, GT 710 singeshauri mtu ainunue leo kwa bei yoyote.

Kodeki nazo zina hadithi yake. Video hubanwa kwa mitindo mbalimbali, na kadi huwa na sehemu maalumu ya kufumua mtindo fulani. Isipokuwa na sehemu hiyo, kazi inaangukia prosesa, ambayo inachemka, feni inapiga kelele, na kama ni ya zamani inashindwa kabisa. H.264 inafumuliwa na karibu kila kadi utakayokutana nayo. HEVC hutumika sana kwenye filamu za 4K. VP9 na AV1 ni za YouTube, na YouTube haitoi 4K kwa H.264, ukitaka picha ya juu ya 1080p pale, lazima mashine yako iweze VP9 au AV1.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa GTX 970 na GTX 960. GTX 970 ya mwaka 2014 ilikuwa na nguvu kubwa na bei kubwa. GTX 960 ilifuata Januari 2015 ikiwa ndogo na ya bei nafuu. Kwa michezo, 970 inaiacha mbali. Lakini 960 ilikuja na sehemu kamili ya kufumua HEVC, wakati 970 inaifanya kazi hiyo nusunusu, na sehemu inayobaki inairushia kompyuta. Mtu aliyetaka kadi ya sebuleni alipata iliyo bora kwa pesa ndogo zaidi. Mambo hayo yamejirudia. AMD, mshindani wa NVIDIA, ilitoa RX 6500 XT na RX 6400 mwaka 2022, zote zikiwa na HDMI 2.1, lakini hazifumui AV1, ingawa ndugu zao wakubwa wa RX 6000 waliotangulia wanaifumua. Upande wa NVIDIA, AV1 ilianza na RTX 30 mwaka 2020, kwa hiyo GT 1030 haina; ina HEVC na VP9 tu, na kwa matumizi mengi ya sasa hizo zinatosha.

Kabla hujafungua pochi, tazama kwanza kama unahitaji kadi. Prosesa za Intel za kizazi cha 7 zinafumua HEVC na VP9 zenyewe, na kuanzia kizazi cha 11 cha mwaka 2020 zinafumua hata AV1. Ukiwa na mashine ya namna hiyo yenye HDMI 2.0 au DisplayPort, kadi ya bei nafuu haitakuongezea lolote kwenye TV. Ukiweka kadi, kumbuka waya unachomekwa kwenye tundu la kadi. Ukiuacha kwenye ubao mama, TV inaweza kubaki nyeusi au ukawa unatumia picha ya prosesa huku kadi uliyoilipia imelala.

Kompyuta nyingi za ofisi zinazokuja kwetu zikiwa zimetumika zina sura yake. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kwa mfano, ina DisplayPort mbili na VGA moja, HDMI hakuna. Watu huiona wakadhani lazima wanunue kadi. Kama TV ni ya 1080p, adapta ndogo ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI inatosha, na sauti inapita humohumo. Adapta hizo zinafanya kazi upande mmoja tu: inayotoka DisplayPort kwenda HDMI haigeuki kufanya kinyume chake. YouTube ikikwama kwenye mashine hiyo, sababu ni kwamba prosesa yake haina sehemu ya VP9. Kuna nyongeza za kivinjari zinazoilazimisha YouTube itume H.264, na mambo yanatulia kwenye 1080p.

Ukiamua kuiwekea kadi, pima boksi lenyewe. Boksi jembamba linahitaji kadi fupi yenye bati fupi la nyuma, na mara nyingi pawasaplai yake haina waya wa kulishia kadi, kwa hiyo kadi inakula umeme wa sloti tu (pale inapochomekwa kwenye ubao mama), ambao ukomo wake ni wati 75. GT 1030 inatumia wati 30. GTX 1050 Ti inafika 75 kamili. Toleo la RTX 3050 la mwaka 2024 linatumia 70 na halihitaji waya wa ziada, tena lina AV1 na HDMI 2.1.

Ukishaunganisha, TV yenyewe ina tabia ambazo watu huzilaumu kwa kadi. TV nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo, ndiyo maana upau wa chini wa Windows unapotea nusu. Dawa iko kwenye menyu ya TV, kwenye ukubwa wa picha: LG huiita Just Scan, Samsung huiita Screen Fit. Weusi ukionekana wa kijivu, au vivuli vikizama vyote gizani, kompyuta na TV hazijakubaliana kipimo cha rangi. Kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255, video za TV huhesabu kutoka 16 hadi 235. Pande zote mbili ziwekwe kipimo kimoja. Na TV ya 4K inaweza kulifungia tundu lake kwenye uwezo mdogo hadi uifungulie mwenyewe kwenye menyu, kwa hiyo usirudishe kadi dukani kabla hujapita huko.

Jambo la mwisho linawahusu wapenda mpira. Matangazo ya TV kwetu, kama Ulaya, yanafuata mfumo wa picha 50 kwa sekunde, au 25. Kompyuta kwa kawaida hutuma 60. Ili 50 zijaze nafasi ya 60, kila picha ya tano inaonyeshwa mara mbili, na kamera inapofuata mchezaji anayekimbia pembeni unaona uwanja ukishtuka mara kumi kwa sekunde. Watu hudhani ni intaneti. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya mipangilio ya kina, ubadilishe 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) iwe 50 Hz, uwanja utateleza. Filamu ya picha 24 nayo inapendeza ukiiwekea 24 Hz, na programu kama Kodi inaweza kubadilisha yenyewe kila unapofungua video ikiruhusiwa. Kwa kazi za kawaida, rudisha 60.