Mtoto anaonewa shuleni, mzazi ufanyeje? Maswali na majibu

Nitajuaje mtoto anaonewa wakati hasemi kitu?

Wengi hawasemi kwa mdomo, mwili ndo unasema. Kila asubuhi ya shule tumbo linauma alafu Jumamosi yuko fresh kabisa anacheza. Ulimpa hela ya kula ila anarudi na njaa, kalamu na madaftari vinapotea kila siku, alishaacha kukojoa kitandani sasa kaanza tena. Na jamani msimwite muongo, tumbo linauma kweli, mtu akiwa na hofu mwili unatoa homoni zinazokaza tumbo na kupeleka moyo mbio. Ila mpeleke na kituo cha afya wampime, maana kukojoa kitandani inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au hata kisukari.

Leo kaniambia, nimjibu nini?

Hapa ndo penyewe, maana ukimjibu vibaya leo hakwambii tena. Usianze na "na wewe ulimfanya nini?", ataona hata nyumbani ana kesi. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, sio kosa lako, tutalishughulikia wote, alafu nyamaza umsikilize hata kama akirukaruka kwenye stori. Ukimkalisha kwenye kochi umkazie macho atafunga mdomo, bora muongee mkiwa mnaosha vyombo au mnaenda dukani, uliza kitu kidogo tu kama "mapumziko huwa unakaa na nani?" utashangaa yanayotoka.

Na ile ya "mrudishie, usiwe mnyonge" naijua, wengi tumekuzwa nayo, lakini wanaomuonea mara nyingi ni wakubwa au ni kundi, akirudisha anaumia zaidi na mwalimu akikuta wanapigana wanaadhibiwa wote. Bora mfundishe kuondoka, kukaa karibu na wenzake na kwenda moja kwa moja kwa mwalimu anayemwamini.

Baba yake anataka akamsubiri huyo mtoto getini.

Asiende. Yule naye ni mtoto wa watu, baba akimkamata au kumzaba kofi kesi inageuka inakuwa yenu.

Shule nianzie wapi?

Chukua daftari andika siku, mahali, nani kafanya na nani aliona. Anza na mwalimu wa darasa, pia mwalimu wa malezi kama yupo, ikishindikana mwalimu mkuu, alafu kamati ya shule na afisa elimu kata. Usiishie kulalamika, uliza nani anasimamia watoto wakati wa mapumziko na kule vyooni, maana uonevu mwingi unatokea pale ambapo hakuna mtu mzima, kisha mkubaliane siku ya wewe kurudi kusikia kimefanyika nini. Kama ni kituoni wakati wa kugombania daladala, tafuta wenzake wa mtaa mmoja wawe wanarudi pamoja.

Ikifika wapi nisisubiri shule?

Akijeruhiwa piga picha majeraha, mpeleke hospitali, na polisi uombe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa amefanyiwa kitendo cha kingono usimuogeshe, wahi hospitali siku hiyohiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Namba 116 ni ya watoto, bure, hata mzazi anapiga.

Akisema "bora nife" usimpuuze hata kama kasema kwa hasira. Usimwache peke yake, ficha dawa na sumu ya panya, mpeleke hospitali leo hii, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna idara ya afya ya akili.

Nimhamishe shule?

Wakati mwingine ndo suluhisho, hasa uongozi ukiwa umeambiwa mara kadhaa na haufanyi kitu. Ila muulize yeye kwanza, asije akaona yeye ndo kafukuzwa wakati waliomuonea wamebaki. Na akianza shule mpya, wiki ya kwanza tu nenda uongee na mwalimu wa darasa, mwambie kilichompata ili amkalishe na watoto watulivu.