Gesi ya AC haiishi, inavuja

Joto la Kaskazi likianza, Mombasa nzima, kutoka Nyali hadi Likoni, simu ni ile ile: "Fundi, AC haitoi baridi, njoo uongeze gesi." Ukiuliza iliongezwa lini, utaambiwa mwaka jana, na mwaka juzi pia. Gesi ya AC si petroli. Mashine haiichomi wala haiili. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibeba joto la chumbani na kulitema nje, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana tundu. Ukiongeza bila kuziba, umeilipia ipande angani.

Na huko angani ndiko kwenye balaa. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi za AC, karibu ujazo wa AC ya kawaida ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), hupasha dunia joto kwa miaka 100 sawa na tani 2 za hewa ukaa. Ungechoma karibu lita 900 za petroli kufikia hapo.

Mombasa, anzia kwenye nati za mashine ya nje. Upepo wa bahari una chumvi, nayo hula chuma, shaba na alumini. Penye mafuta yaliyoshika vumbi ndipo panapovuja, kwani gesi hutoka na mafuta ya kompresa, pampu inayoizungusha. Gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi, kisha mabomba yajazwe naitrojeni hadi psi 400 (kipimo cha shinikizo) na kupakwa povu la sabuni. Oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta hulipuka. Ukishaziba, vuta vakyumu, yaani toa hewa yote mabombani kwa pampu, hadi kipimo kishuke chini ya maikroni 500, funga pampu, tazama kama kipimo kinapanda. Gesi mpya ipimwe kwa mizani, gramu zile zile zilizo kwenye kibandiko. Fundi anayejaza kwa kugusa bomba tu, mkatalie.

Lakini safisheni kichujio kwanza, jamani! Kikiziba, bomba hushika barafu kama gesi ikipungua, na lawama inaangukia gesi.

Wapo wanaosema juu ya R-410A: "Hii mpya ni rafiki wa ozoni, haina neno." Ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, ni habari nyingine. R-22, gesi ya zamani, ina klorini inayoharibu ozoni. R-410A haina, ila kwa joto inaishinda R-22. Ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, ilifanyiwa marekebisho Kigali mwaka 2016 ili kupunguza na gesi kama hizi. Ukinunua AC mpya, chagua R-32, ambayo athari yake ni kama theluthi moja ya R-410A. Athari ya R-290 ni ndogo zaidi, ila gesi hiyo inashika moto kwa urahisi: isitiwe kwenye AC isiyoundwa kwa ajili yake.

"AC imekufa, gesi nayo imekufa." Mara nyingi bado imo. Ivutwe kabla mashine haijaenda kwa wa vyuma chakavu; msumeno ukigusa bomba la shaba, yote imetoka.