Kutafuta Ukoo Kando ya Bahari: Madaftari ya Parishi ya Paul, Cornwall

Anayetafuta mababu zake katika kijiji cha pwani ya Uingereza hana budi kuanzia kanisani, hata kama ukoo wenyewe haukuwa wa watu wa ibada, kwa sababu kabla ya tarehe 1 Julai 1837, serikali ilipoanza kusajili vizazi, ndoa na vifo, kumbukumbu za watu wa kawaida zilikuwa mikononi mwa kasisi. Ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliyeagiza mwaka 1538 kwamba kila parishi iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Kazi yangu ni kuyasoma madaftari hayo, na hapa nitaeleza jinsi ninavyoyasoma nikichukua mfano wa parishi ya Paul, magharibi kabisa mwa Cornwall, jimbo la kusini-magharibi mwa Uingereza; parishi hiyo inakijumuisha kijiji cha wavuvi cha Mousehole. Jambo moja naliweka mbele ya yote: daftari la parishi ya pwani lina mapengo ambayo bahari yenyewe imeyafanya, na mtafiti asiyeyajua atawaunganisha watu wasio ndugu.

Pengo la kwanza la Paul liko mwanzoni kabisa. Mwezi Julai 1595 askari wa Kihispania walishuka pwani wakachoma Mousehole, kanisa la Paul, Newlyn na Penzance. Kumbukumbu za parishi zilizosalia zinaanzia kwenye msiba huohuo, na miongoni mwa mazishi ya mwanzo yamo ya Jenkin Keigwin wa Mousehole, aliyeandikwa kuwa ameuawa na Wahispania. Kwa hiyo nikioneshwa mti wa ukoo unaodai kupanda ndani ya Paul hadi miaka ya 1540 kwa ushahidi wa ubatizo, huuliza ubatizo huo umesomwa wapi.

Majina nayo yanahitaji subira. Dolly Pentreath, mwanamke wa Mousehole anayekumbukwa sana katika habari za mwisho wa lugha ya Kikornishi, alifariki Desemba 1777, na jiwe lake la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1860 linamtaja kwa jina la Pentreath. Lakini ukilifungua daftari la mazishi ukimtafuta Pentreath humwoni. Aliyezikwa mwezi huo ameandikwa Dolly Jeffery, na watafiti wengi wanakubali kwamba ndiye yeye. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho amefichika nyuma ya jina la pili, sembuse mke wa mvuvi asiyejulikana na yeyote. Katika vijiji hivi koo chache zilioana kizazi baada ya kizazi na kurudia majina yaleyale ya ubatizo, hata ukawakuta watu watatu wenye jina moja na umri unaokaribiana. Mimi simkubali yeyote kuwa babu wa mteja wangu mpaka niwe nimewafuatilia wenzake wa jina hilo mmoja mmoja, nijue nani alioa, nani alikufa mtoto na nani alihama.

Tarehe pia zina mtego wake, kwani hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu yao, kwetu sisi ni wa 1721. Kuanzia Machi 1754 sheria ya ndoa ilidai saini au alama za maharusi na mashahidi, na matangazo ya ndoa yaandikwe. Waanglikana wa Kenya na Tanzania, ambao bado husikia ndoa zikitangazwa Jumapili tatu, hawahitaji maelezo zaidi. Mimi huwatazama mashahidi kwa makini sana, maana mara nyingi ni ndugu. Mwaka 1813 zikaja fomu zilizochapwa: za ubatizo zikaanza kutaja kazi ya baba, ilhali za mazishi ziliridhika na jina, makazi na umri.

Sasa nije kwenye bahari. Mvuvi aliyezama na maiti yake isipatikane hana mazishi, na kwa kawaida hana mstari wowote katika daftari la kwao. Maiti iliyotupwa ufukweni mbali na kwao, kabla ya 1808, mara nyingi ilifukiwa juu ya majabali bila sala. Mwishoni mwa 1807 manowari Anson ilivunjika kwenye ufukwe wa Loe Bar, ng'ambo ya pili ya ghuba ambayo Mousehole ipo, na jinsi wafu wake walivyozikwa kulimsukuma mwanasheria Thomas Grylls wa Helston kudai mabadiliko. Sheria ya 1808 ikazilazimisha parishi kuwazika watu wa namna hiyo katika uwanja wa kanisa. Tangu hapo utakutana na maneno kama “mwanamume asiyejulikana, ametupwa na bahari”, na ndiyo maana nikimkosa mtu Paul nasoma pia mazishi ya Breage, Gunwalloe na Mullion, parishi za ng'ambo hiyo ya ghuba.

Sensa nayo husomwa kwa kuangalia msimu. Ile ya 1851 ilihesabu watu waliolala nyumbani usiku wa 30 Machi, wakati ambao wavuvi wengi wanaweza kuwa baharini wakifuata vibua. Mwanamke aliyeandikwa “mke wa mvuvi”, peke yake na watoto, si mjane. Mjane huandikwa mjane.

Kwa sababu hizo, nikipewa jina la mvuvi ambaye kifo chake hakionekani, namtafuta kwanza mkewe: je, ameolewa tena, na katika ndoa hiyo ameitwa mjane? Baada ya hapo nafungua hesabu za wasimamizi wa maskini, yaani watu waliogawa fedha za msaada za parishi, pale zilipohifadhiwa, nikitazama ni wiki gani jina lake linaanza kulipwa shilingi za parishi. Mume alizama kabla ya wiki hiyo, na kwa kawaida si zamani sana kabla yake.