Kipupwe cha Tabora: Kinga Uso na Shingo, Kofia Ngumu Ibaki Mahali Pake

Kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, maswali ya madereva wa bodaboda mkoani Tabora hubadilika. Miezi mingine sisi tunaotoa elimu ya usalama barabarani tunaulizwa kuhusu leseni na bima. Miezi hii tunaulizwa kwa nini askari wa usalama barabarani wanawakamata watu kwa kuvaa mzula, yaani kofia laini ya kitambaa inayofunika kichwa na uso. Malalamiko hayo yameongezeka, na kwa kuwa baridi inayolalamikiwa ni ya kweli, ni vema tukaeleza kwa pamoja namna ya kuikinga shingo na uso, na pale ambapo kujikinga huko kunageuka kuwa kosa.

Niseme mapema kwamba hakuna anayeandikiwa kosa kwa sababu amevaa mzula. Anaandikiwa kosa kwa sababu mzula umekaa mahali pa kofia ngumu. Hayo ni mambo mawili tofauti, tumeyaeleza kijiwe kwa kijiwe, na inasikitisha kwamba bado yanachanganywa na watu wazima wenye leseni mfukoni.

Mji wa Tabora upo katika mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi anga haina mawingu, hivyo joto ambalo ardhi ililipokea mchana hupotea usiku kucha, na mwezi Julai alfajiri hupambazuka kwenye nyuzi 15 za Selsiasi hivi. Mabondeni hali huwa kali zaidi, kwa sababu hewa baridi ni nzito, nayo huteremka na kutuama. Dereva anayetoka mjini alfajiri kuelekea Sikonge au Urambo analijua hilo vizuri: akishuka kwenye mbuga ya mpunga baridi humpiga usoni ghafla, akipanda mwinuko upande wa pili inamwachia. Juu ya hayo upo mwendo wake mwenyewe. Mwili hupasha joto tabaka jembamba la hewa linalogusa ngozi, na upepo huliondoa tabaka hilo kila linapojijenga. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa wa Canada na Marekani, hewa ya nyuzi 10 katika upepo wa kilomita 60 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa tulivu ya nyuzi 5 hivi.

Kwa upande wa usalama, tatizo la baridi hiyo si usumbufu tu. Macho hutoa machozi na taa za gari linalokuja huonekana zimetawanyika. Misuli ya shingo hukakamaa, na dereva anaacha kugeuka kutazama nyuma kabla ya kukata kona, akitegemea vioo vya pembeni ambavyo pikipiki nyingi hata havipo. Wengine huinamisha kichwa nyuma ya taa ya mbele ili kuukwepa upepo, wakawa wanatazama dashibodi badala ya barabara. Wapo wanaoendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia kola ya koti. Wapo pia wanaojificha nyuma ya lori, karibu mno, kwa kuwa huko upepo hupungua. Lori likifunga breki ghafla, mwenye pikipiki hana pa kwenda. Kwa hiyo tunaposema funika shingo na uso, tunamaanisha hivyo kwa moyo wote. Dereva asiyehisi baridi ni dereva anayeona.

Kinachofaa ni kitambaa chembamba cha mviringo kisicho na ncha, kinachovutwa kupitia kichwani kikakaa shingoni na kupandishwa hadi chini ya macho. Kinapatikana, na fundi cherehani yeyote anaweza kukishona kwa kipande cha fulana ya pamba. Mzula mwembamba unaoacha macho wazi nao unafaa, ukivaliwa chini ya kofia ngumu. Mzula wa sufu nzito haufai. Huinua kofia, ikakaa juu ya kichwa badala ya kukibana, na mkanda wa kidevuni haufungiki. Jipime hivi: funga mkanda, hakikisha vidole viwili tu vinapita kati yake na kidevu, kisha shika kofia kwa mikono miwili na uizungushe. Ikiwa kofia inazunguka huku ngozi ya kipaji cha uso haisogei, kitambaa ni kinene mno. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoruka kichwani kabla ya kichwa kugusa lami haimo katika hesabu hiyo.

Wenye kofia ya kioo hulalamika kuwa kioo huingia ukungu. Ukungu huo ni pumzi yako, inayosukumwa juu na kitambaa ulichokaza puani. Kilegeze kidogo chini ya kidevu ili pumzi itokee huko, na kabla ya safari paka upande wa ndani wa kioo tone moja la sabuni ya maji, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi kioo kiwe safi.

Sasa kuhusu utaratibu wa faini, ambao wengi wanaueleza vibaya vijiweni. Askari akikusimamisha, simama pembeni mwa barabara, zima pikipiki, na ukiombwa, shusha kitambaa ili uso uonekane na ulinganishwe na picha iliyo kwenye leseni. Kuombwa kushusha kitambaa si kudhalilishwa. Ukibainika huna kofia ngumu, kosa huingizwa kwenye mashine ya kielektroniki, nawe unapewa karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa, na hesabu ni kwa kila kosa, kwa hiyo asiye na kofia aliyebeba pia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, asishangae kuona makosa mawili. Malipo hufanyika kwa simu, benki au kwa wakala, kwa kutumia namba hiyo. Fedha taslimu haikabidhiwi kwa askari kwa namna yoyote. Lipa ndani ya muda ulioelekezwa, kwa kuwa deni lililoachwa huongezeka. Anayeamini hakutenda kosa anayo haki ya kulikana na shauri likapelekwa mahakamani. Anachotakiwa kusema ni kwamba halikubali kosa hilo, bila ugomvi na bila kuondoka na chombo kwa nguvu.

Yapo pia mambo ya afya tunayoulizwa. Upepo wa pikipiki peke yake haumpi mtu nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi. Hewa baridi na vumbi huweza kuamsha pumu kwa aliye nayo, na huyo anahitaji kitambaa kuliko wote. Kuhusu kupooza upande mmoja wa uso, tunasikia kila mwaka kwamba ni upepo umempiga mtu. Mara nyingi wataalamu wa tiba huihusisha hali hiyo na virusi vinavyovimbisha mshipa wa fahamu wa uso, lakini kiharusi nacho kinaweza kuanza kwa dalili kama hizo. Asikandwe nyumbani. Aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete au kituo kilicho karibu siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kupunguza uvimbe husaidia zaidi ikianza ndani ya siku 3. Na anayejipasha moto kwa gongo alfajiri aelewe kwamba pombe hutanua mishipa ya ngozi, akahisi joto huku mwili wake unapoteza joto hilo, mbali na kwamba kuendesha chombo ukiwa umelewa ni kosa zito kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Linalotutia hofu zaidi ni ncha zinazopepea. Skafu ndefu, mtandio, khanga iliyotupwa begani, hata kamba ya kofia ya jaketi, huweza kunaswa na spoku au mnyororo wa gurudumu la nyuma na kumkaba mtu shingoni kabla dereva hajajua kuna nini. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki namna hiyo mwaka 1927 huko Nice, Ufaransa, skafu yake iliponaswa na gurudumu la gari alilopanda. Akina mama na dada wanaosafiri alfajiri kuwahi basi au treni wasiache kujifunika, ila ncha zote ziingizwe ndani ya koti au zikaliwe. Dereva ndiye anayepaswa kugeuka na kukagua, ampe abiria kofia ya pili, amwombe kwa heshima aiweke nguo sawa, na asitie gia hadi hilo limekamilika, hata kama abiria anasema amechelewa.