Maharage ya nazi ya Jumapili huanza Jumamosi usiku

Jumamosi usiku, watoto wakishalala, namwaga nusu kilo ya maharage kwenye ungo na kuanza kuchambua. Natoa vijiwe, punje zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zenye ukungu. Kisha nayaosha, nayatia kwenye sufuria kubwa pamoja na maji, vikombe vitatu vya maji kwa kila kikombe cha maharage, na kufunika. Kazi yote haifiki robo saa. Mlo wetu wa Jumapili hapa Tanga unaanzia hapo.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Kliniki, akina mama huniuliza wanunue nini ili mtoto anawiri au damu iongezeke. Wengi hutarajia nitaje unga wa dukani au maziwa ya kopo. Mimi huwauliza jana usiku walikula nini na walikipikaje. Mara nyingi chakula chenyewe kipo: ugali au wali, maharage, mchicha, dagaa. Kinachopotea hupotea jikoni na pale wanapogawana. Kwa hiyo leo naeleza kwa kutumia sufuria yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake.

Haragwe kavu likikaa majini usiku kucha hunywa maji mpaka uzito wake unakaribia kuwa maradufu. Moto wa kesho haulazimiki tena kuyasukuma maji hadi katikati ya punje, na maharage huiva mapema. Anayenunua mkaa kwa kopo anajua maana ya saa nzima ya moto kupungua. Maji ya kulowekea mimi huyamwaga. Yamechukua sehemu ya sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo tumbo la binadamu halina uwezo wa kuzivunja. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huzichachusha, na hapo ndipo tumbo linapojaa gesi. Mama mkwe wangu alikuwa hagusi maharage usiku kwa sababu hiyo. Tangu tuanze kuyaloweka na kubadilisha maji, anakula na kuomba aongezewe.

Asubuhi natia maji mapya na kuchochea moto. Maharage yatokote kwa nguvu, angalau dakika 10, ndipo nipunguze. Hili naliomba kwa kila anayesoma. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana protini ya aina ya lektini ambayo isipoharibiwa na moto humtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache tu. Maji yanayochemka huiharibu. Moto hafifu, ambapo maji ni ya moto lakini hayachemki, hauiharibu. Kuna dada zetu wanaopikia kwenye kapu lililojazwa matambara ili sufuria ihifadhi joto na mkaa usiishe. Ni njia nzuri sana, naiunga mkono, ila sufuria ichemke kwanza jikoni kwa dakika hizo 10 au zaidi ndipo ifukiwe kapuni.

"Mbona yangu hayaivi?" Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na majibu yake ni matatu.

La kwanza ni umri. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevunyevu kama wa kwetu pwani hubadilika ndani. Kinachoziunganisha seli za punje ni pektini, ile ile inayofanya jemu igande. Katika maharage mapya, pektini hii hulegea kwa moto. Katika yaliyozeeka, madini ya kalisi na magnesi huishika ikawa ngumu, na unaweza kupika kutwa nzima punje ikabaki kama kokoto. Kwa hiyo sokoni nauliza kwanza kama ni ya msimu huu. Sisi Tanga tuna bahati, Lushoto iko juu yetu, na maharage mapya hushuka na mabasi.

La pili ni maji. Mji huu una mawe ya chokaa chini yake, na aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameyaona kwa macho. Maji ya kisima yaliyopita kwenye chokaa yana kalisi nyingi, na kalisi hiyo huenda kuikaza pektini ile ile. Ukiona birika lako lina ukoko mweupe ndani, tumia maji ya mvua au ya bomba kupikia maharage, utaona tofauti. Kijiko kidogo cha chumvi kwenye maji ya kulowekea nacho kinasaidia, maana sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalisi kwenye ganda la punje. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi hufanya maharage yawe magumu. Jaribuni wenyewe sufuria mbili.

La tatu ni nyanya kutiwa mapema. Uchachu huizuia pektini kulegea. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili.

Wengi hukimbilia magadi. Ni kweli maharage huiva upesi, lakini magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za kula maharage, na yakizidi chakula hupata ladha ya sabuni. Tena magadi mengi yanayotoka maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro chanzo chake kikubwa ni floridi ya kwenye maji, na magadi ya jikoni yanaongezea. Nyumbani kwangu hayaingii. Usiku mmoja wa kuloweka unafanya kazi ile ile bure.

Maharage yakishaiva, kabla ya kitu kingine chochote, natoa bakuli moja na kuliweka kando. Nitaeleza baadaye. Yaliyobaki ndiyo yanayokwenda kwenye nazi, na hapa nakaa kwa raha zangu zote. Kijana wangu mkubwa hukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi moja, mimi nakamua. Tui la kwanza, zito, kasimile, naliweka pembeni. Nakamua tena kwa maji ya uvuguvugu nipate tui jepesi. Kitunguu na kitunguu saumu vinakaangwa kwa mafuta kidogo, nyanya zinaiva mpaka zinapotea, binzari kidogo, kisha maharage na tui jepesi. Vichemke pamoja kwa utulivu. Kasimile huingia mwishoni kabisa, moto mdogo, na mwiko hauachi kuzunguka.

Sababu ya kukoroga ni hii: tui ni vitone vidogo mno vya mafuta vilivyoelea majini, na protini za nazi ndizo zinazovizuia visiungane. Moto ukiwa mkali, protini hizo huganda, mafuta yanaachana na maji, na tui linakatika. Halina madhara kulila, ila ule ulaini mdomoni umekwenda. Wazee wetu walijua kulichunga tui kwa jicho na mkono. Nami nikilichunga nasikia harufu ya jiko la mama yangu.

Chumvi naitia wakati wa kuepua. Chumvi yetu ina madini joto, na madini joto hupotea kadiri yanavyochemka kwa muda mrefu. Ikitiwa mwisho, yanafika mezani.

Nazi moja kwa sufuria ya watu saba inatosha. Ina mafuta mengi, na mtu mwenye shinikizo la damu au aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, ale maharage ya lile bakuli la kando.

Wali na maharage vinafaa kuliwa pamoja kwa sababu ya ndani kuliko utamu. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa kijenzi kingine, methionini, na mchele unayo. Kimoja kinajaza pengo la kingine. Mchicha naupika dakika chache tu, umelegea lakini bado una kijani chake, na haukosi mafuta au tui, kwa sababu mwili hauwezi kufyonza vizuri chanzo cha vitamini A kilichomo kwenye mboga za majani bila mafuta.

Sasa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika sababu zake, na chakula kimo. Madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama na samaki. Vitamini C hubadilisha hali hiyo palepale kwenye mlo ule ule. Kwa hiyo ndimu inakatwa na kukamuliwa kwenye sahani, baada ya moto, na mlo unafungwa kwa chungwa. Muheza hawatuangushi. Chai nayo, ambayo sisi watu wa pwani tunaipenda mno, ina tanini zinazoshikana na chuma na kukizuia kuingia mwilini. Sisemi tuache chai. Nasema isubiri, saa moja au mbili baada ya kula.

Tunakula saa saba mchana, mkekani, sinia katikati. Wote tumenawa. Bismillahi, mkono wa kulia, kila mtu anakula upande wake. Naipenda sinia kwa moyo wote. Hapo ndipo kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye siku nyingine hupita nyumba kama mgeni, hukaa nusu saa nzima na kusimulia shule.

Lakini sinia ina mambo mawili ambayo mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuyafumbia macho.

Moja ni mtoto mdogo. Kitinda mimba wetu ana miezi 11. Akikaa kwenye sinia na ndugu zake, wakubwa wanameza matonge matatu yeye hajamaliza punje mbili, na tukisimama hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwa hiyo ana kibakuli chake, maharage yaliyopondwa na wali laini, na mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Kwa umri huo tunalenga karibu nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo mmoja, milo mitatu au minne kwa siku, na ziwa la mama linaendelea. Anakaa mkekani na sisi, anatuona tunavyokula, lakini chakula chake kinahesabika. Kikibaki, najua kimebaki.

Jingine ni kitoweo. Siku ya samaki, changu wa kukaanga huwekwa katikati, na desturi tuliyoikuta ni mnofu kwenda kwa baba na wageni, watoto kumegewa, na mwanamke aliyepika kujipangusia mchuzi. Mjamzito anahitaji chuma kuliko wengine wote mkekani, na yeye pamoja na anayenyonyesha wanahitaji protini zaidi. Tulipozungumza jambo hili nyumbani, mume wangu hakubisha. Siku hizi yeye ndiye anayemega samaki, na anaanza na mama yake, kisha mimi, kisha watoto.

"Mama, hiki chako," humwambia.

"Wape watoto, mwanangu, mimi nimeshiba."

"Watoto wanacho. Kula, Mama."

Na anakula. Ana miaka sabini na kitu, na wazee nao wakikosa protini nguvu za miguu hupungua.

Wali nikipika, nakadiria uishe. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili moto wa kupikia, na wali ukiachwa sufuriani kwenye joto letu, bakteria hao huota na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha wali haiondoki. Usizidi saa mbili nje. Wenye friji watandaze kwenye sahani pana upoe haraka, kisha waufunike na kuuhifadhi. Wasio na friji wapike kidogo.

Lile bakuli la maharage nililoweka kando ndilo kiporo chetu. Halina tui, kwa hiyo halichachi upesi kama yale ya nazi. Likishapoa naliweka kwenye friji. Jumatatu alfajiri nalichemsha mpaka litokote, nakaanga kitunguu na nyanya moja, naligeuza humo. Mume wangu hubeba kwenye hotipoti pamoja na chapati mbili na kipande cha ndimu, na chai yake anainywa saa nne, kabla ya kuifungua hotipoti.