Simu ya bosi inashika, skana haishiki: dhana potofu kuhusu waifai ya ghalani

Ugomvi wa waifai ghalani huanza hivi: bosi anasimama mlangoni, anatoa simu, anaona mistari yote imejaa. "Mtandao si huu hapa?" Kijana wa skana, kile kifaa cha mkononi kinachosoma misimbo ya bidhaa, yuko ndani kabisa, rafu ya kumi na nne, anatazama kialama kinazunguka tu.

Wote wawili wanasema kweli. Mistari inaonyesha jinsi simu inavyokisikia kisambazaji, kile kisahani cheupe cha darini. Haionyeshi kama kisambazaji nacho kinaisikia skana. Kisahani kinakula umeme wa uhakika, skana inaishi kwa betri ndogo. Ndiyo maana dawa ya "kipandishe nguvu mpaka mwisho" haiponyi: kila desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) unazoongeza zinazidisha nguvu ya kisambazaji mara mbili, lakini sauti ya skana inabaki ileile. Unampigia kelele mtu wa ng'ambo ya mto aliyekauka koo. Atakusikia vizuri, wewe hutamsikia. Nguvu ya kisambazaji ipangwe ikaribiane na ya kifaa kinyonge kuliko vyote. Na upimaji ufanyike kwa skana yenyewe, ikiwa mkononi, kwenye kichochoro ambako kazi inafanyika. Wapangaji wengi hulenga nguvu ya mawimbi ya -67 dBm (desibeli kwa namba hasi) au karibu zaidi na sifuri, yaani yenye nguvu zaidi.

Dhana iliyogharimu watu pesa nyingi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya "tulishapima kabla hatujahamia". Mlipima nini? Ghala tupu ni uwanja wa mpira wenye paa. Mawimbi yanakwenda yanakotaka. Likijaa, jengo halisi ni mzigo. Maji hunyonya mawimbi, na mzigo mwingi ni maji: kreti za soda, katoni za maji ya kunywa, juisi, nyanya ya pakiti. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka, kwa hiyo rafu moja ya maziwa ya kopo ni ukuta. Karatasi za chooni, kwa upande mwingine, hupitisha karibu kila kitu. Ukihamisha vitu hivyo viwili, kimoja kikae pahala pa kingine, umebadilisha ramani ya mtandao bila kugusa waya hata mmoja. Fikiria ghala la vyakula majuma machache kabla ya Ramadhani: mafuta ya kula ya madebe ya bati na tende hadi ngazi ya juu, kazi ndiyo imepamba moto, na mtandao unakata siku hizohizo. Watu wanamlaumu mchawi au kampuni ya intaneti! Pima ghala likiwa limejaa. Kama bado ni jipya, jaza walau kichochoro kimoja kwa mzigo mzito kuliko yote unaoutarajia, upime hapo.

"Basi tuongeze visambazaji." Vingapi, na kwenye chaneli zipi, yaani njia zipi za mawimbi? Katika masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye chaneli moja husema mmoja kwa wakati, wengine wanangoja. Ghala halina kuta za kuwatenga majirani, na kule juu ya rafu visahani vyote vinaonana. Ukifunga kumi na viwili bila mpango, umeongeza foleni. Masafa ya 5 GHz yana chaneli nyingi zaidi. Skana zikiyakubali, anzia huko. Baadhi ya chaneli hizo hutumiwa pia na rada, na kifaa kikihisi rada ni lazima kihame. Aliye karibu na uwanja wa ndege azitazame kwa makini.

Kufunga juu kabisa katikati? Antena ya kawaida husambaza mawimbi kwa umbo la tairi lililolazwa: mengi pembeni, machache chini. Kwenye dari la mita 12, aliye chini yake hupata makombo. Antena ya mwelekeo, inayotazama kichochoro toka mwisho hadi mwisho, hufanya kazi vizuri zaidi. Tena chini ya mabati, mchana wa Februari Dar es Salaam, kuna joto ambalo kisahani cha ofisini hakikutengenezewa.

Kuhusu ripita, kifaa cha kurudia mawimbi ili yafike mbali, nitasema kwa kifupi. Inayotumia redio moja husikiliza kisha inarudia yaleyale, kasi inakatika nusu. Vuta waya. Wa shaba una kikomo cha mita 100, na kupanda ukutani mpaka darini kunahesabiwa. Zaidi ya hapo ni faiba, waya unaopitisha mwanga.

Kununua intaneti yenye kasi zaidi nako ni kutibu mguu kwa kichwa kinachouma. Skana hutuma herufi chache tu. Kinachoichelewesha ni kung'ang'ania kisambazaji ilichokiacha mita 60 nyuma huku foklifti ikienda, na uamuzi wa kuhama ni wa skana yenyewe. Mipangilio yake ikaguliwe kwanza.

Kuna wanaoamini kisahani cha nje kitafika chumba cha baridi. Paneli za chumba hicho zimevikwa bati pande zote mbili. Mlango ukifungwa, mawimbi yamebaki nje. Antena iingie ndani, boksi la kisambazaji libaki nje kukwepa unyevu, na tundu la waya lizibwe vizuri, la sivyo utakuta barafu imeota hapo.